Usiku wa Kutega na Kutegua: Jinsi ya Kuandaa Chemsha Bongo Nyumbani

Kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye ninayeandaa usiku wa chemsha bongo nyumbani kwetu Tanga. Mara nyingi ni mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe, mara nyingine ni pale umeme unapokatika na simu zimeisha chaji. Tunakaa barazani watu kumi hadi kumi na watano, kuanzia watoto wa darasa la pili mpaka bibi. Katika miaka hiyo nimejifunza jambo moja ambalo naliweka mbele ya mengine yote: usiku wa namna hii unabebwa na wale wasiojua majibu. Mtoto akishindwa akaona haya, kesho haji. Akishindwa na bado anacheka, kesho ndiye atakayekuja na kitendawili chake mwenyewe. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayosoma hapa inahusu namna ya kumwezesha mtu ashindwe vizuri.

Hatua ya kwanza: changanya watu

Gawa makundi mawili au matatu. Usiwaache watu wajipange wenyewe, maana vijana wa sekondari watakaa pamoja na mchezo utaisha ndani ya robo saa. Kwetu kila kundi lazima liwe na mtu mzima, kijana aliye shuleni na mtoto mdogo. Mtu mzima anakumbuka vitu ambavyo havipo tena ndani ya nyumba, kijana anakumbuka miaka na majina, na mtoto anaangalia vitu kwa macho ambayo hayajazoea. Hilo la tatu usilidharau. Vitendawili vingi vinateguliwa na yule ambaye jana tu alikuwa amechuchumaa akimtazama konokono.

Simu zote zinaingia kwenye kikapu kimoja, na kikapu kinakaa kwa mtu asiyecheza.

Hatua ya pili: fungua kwa vitendawili, na heshimu kanuni ya mji

Anza na vile ambavyo kila mtu anavijua. Hapa hutafuti ugumu, unatafuta sauti. "Kitendawili!" "Tega!" Ukisikia watu wote wameitikia kwa pamoja, ujue baraza limeamka. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. "Huku ng'o na kule ng'o." Giza. Vitatu au vinne vya namna hii vinatosha.

Kisha panda ngazi. "Kuku wangu katagia miibani" ni nanasi, lakini mtoto wa mjini aliyezoea nanasi lililokwisha menywa na kutiwa kwenye mfuko hawezi kulijua kirahisi. "Nina saa ambayo haijasimama tangu ilipotiwa ufunguo" ni moyo, na hapa vijana hukwama kwa sababu hawajawahi kuona saa ya kutia ufunguo. Usiviache vitendawili hivyo kwa kuwa vimepitwa na wakati. Vitege, halafu jibu likishapatikana mwambie mzee mmoja aeleze ile saa ilikuwaje. Dakika hizo mbili za maelezo mara nyingi ndizo watoto wanazozikumbuka.

Sasa tuje kwenye mji. Watu wakishindwa kutegua, aliyetega hatoi jibu bure. Anaomba mji, wanampa, "anasafiri" huko, anakirimiwa, ndipo anataja jibu. Watu wengi siku hizi wanaruka sehemu hii kwa haraka: "Nipe mji, haya, jibu ni fulani." Wanatupa moyo wa mchezo. Mji ndio unaomwondolea aibu aliyeshindwa, kwa sababu ameshalipa deni lake na sasa yuko sawa na mwenzake. Sikiliza jinsi bibi anavyofanya:

— Kitendawili!

— Tega!

— Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni.

— Nyoka!

— Siye.

— Reli!

— Mmekaribia, lakini siyo.

— Bibi, tumeshindwa.

— Basi nipeni mji.

— Chukua Dodoma.

— Dodoma nimekwenda jana, siutaki.

— Haya, chukua Bukoba.

— Nimeuchukua. Nilikwenda Bukoba, watu wa Bukoba wakanitandikia mkeka, wakanipa senene wa kukaanga na buni za kutafuna, nikala nikashiba. Wakati wa kuaga wakaniuliza, ile kamba yako ni nini? Nikawaambia, ni njia.

Ona kwamba bibi aliukataa mji wa kwanza. Mtegaji ana haki hiyo, na kubishania mji ni burudani yenyewe. Sisi tumeongeza sharti moja la nyumbani: anayesafiri lazima ataje kitu ambacho kweli ni cha mji huo. Ukienda Dodoma kula zabibu. Ukienda Kigoma tutajie migebuka au mawese. Ukienda Pemba tunataka kunusa karafuu, na ukienda Lamu lazima upande punda. Mpwa wangu aliwahi kwenda Dodoma "akavua pweza", na kundi lililoshindwa likadai mji wao urudishwe. Tangu siku hiyo watoto wanauliza habari za miji hata wakati hakuna mchezo, na jiografia wanayoipata hapo inakaa.

Hatua ya tatu: tunga vyako

Vitendawili vya urithi vitaisha. Baada ya siku tano au sita za Ramadhani kila mtu anajua majibu yote, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache. Wape watu kazi ya kutunga.

Chagua kitu kilichoko ndani ya nyumba yako, kitu unachokishika kila siku. Jiulize maswali mawili tu: kinafanya nini ambacho mtu au mnyama pia hufanya? Na katika kufanya huko, kuna ajabu gani? Chukua simu iliyo kwenye chaji. Imechomekwa waya, iko kimya usiku kucha, asubuhi imejaa. Mtu naye hulala na kuamka, lakini mtu akilala bila kula huamka na njaa. Ajabu ya simu ni kwamba inalala na kuamka imeshiba. Mpwa wangu yuleyule wa pweza ndiye aliyefika hapo: "Nalala na kamba mdomoni, naamka nimeshiba." Bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akatoa mji mwenyewe.

Kitendawili kizuri kina pande mbili zinazovutana. Hicho cha simu kina kulala na kushiba. Cha njia kina kamba na kutofunga. Ukiona chako kina sifa tu bila mvutano, kwa mfano "kitu changu ni cheupe na ni baridi", hicho bado ni maelezo. Kirudishe jikoni.

Kuna ufundi mmoja wa lugha ambao nautilia mkazo sana, nao ni upatanisho wa sarufi. Kiswahili hakifichi kitu kirahisi. Ukisema "kimeanguka", tayari umewaambia watu kwamba jibu ni la ngeli ya ki-vi. Ukisema "limepasuka", wameshaanza kutafuta yai, jungu na jiwe. Wazee walilitatua hili kwa kukigeuza kila kitu kuwa kiumbe hai: kuku wangu, askari wangu, kondoo wangu, mzungu katoka Ulaya. Kitu kikishakuwa mtu au mnyama kinapata "a-" na "wa-", na ngeli yake ya kweli inajificha. Fanya hivyohivyo.

Tazama hiki nilichokitunga mwenyewe: "Nimemkalia mbuzi, mbuzi katafuna nazi, nazi nimekula mimi." Jibu ni mbuzi ya kukunia nazi. Ningesema "nimeikalia mbuzi", mchezo ungekuwa umekwisha kabla sijameza mate. Ile "-m-" ndogo katikati ya kitenzi ndiyo inayowapeleka watu zizini wakati jibu liko jikoni. Wapo watakaolalamika kwamba umewadanganya. Wajibu kwa upole kwamba katika vitendawili kila kitu kina roho, ndivyo ilivyo tangu zamani.

Hatua ya nne: ingia kwenye maneno yenyewe

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo maneno yanavunjika vizuri na kuungika upya. Watoto wa pwani wamelitumia jambo hili tangu zamani katika kinyume, yaani kusema maneno kwa kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe. Wewe ligeuze liwe fumbo. Andika neno kwenye karatasi kubwa, wape watu kidokezo, waache wageuze. Jaribu haya kabla hujasoma aya inayofuata: geuza *mali* upate njia ya kuipata shambani. Geuza *mate* upate la kuyafanya. Geuza *wali* upate yatakayoupata. Geuza *kafi*, lile kasia dogo la mtumbwi, upate matokeo ya kulipiga kwa bidii. Geuza *nane* upate kazi ya mdomo. Geuza *kazi* upate jambo la kusikitisha.

Majibu ni lima, tema, liwa, fika, nena na zika. Nilipogundua *mate* na *tema* nilikaa nikaviangalia vipande vile viwili vya karatasi kwa muda. Kitendo na kitu chake vimeundwa kwa silabi zilezile mbili, na tunavitamka pamoja kila siku bila kuliona. Kwa wakubwa weka la silabi tatu: katika *kisia*, badilishana silabi mbili za mwanzo upate jambo ambalo lazima ulifanye kwanza kabla ya kukisia. Ni *sikia*.

Mchezo wa pili ni ngazi ya maneno. Unatoa neno la kuanzia na la kumalizia, kila hatua unabadili herufi moja tu, na kila kidato lazima kiwe neno la kweli. Rahisi: kutoka *bata* hadi *pika*. Bata, pata, paka, pika. Ya wakubwa: kutoka *soma* hadi *kazi*. Soma, koma, kama, kaza, kazi. Ruhusu njia yoyote inayofika, na kundi lenye vidato vichache ndilo linaloshinda. Weka kamusi karibu, kwa sababu ugomvi juu ya neno fulani kama lipo au halipo hauna mwisho bila kamusi.

Mchezo wa tatu ni pengo la neno moja. Unaandika sentensi yenye mapengo mawili, na neno moja linaziba yote mawili kwa maana mbili tofauti. "Alipovuka ___ alichoka, akalala bila ___." Mto. "___ dawa iliyo juu ya ___." Meza. "Mtoto kakanyaga ___ ufukweni, mama kakanyaga ___ jikoni." Kaa. "Fundi yuko juu ya ___ akimtazama ___ anavyokimbia porini." Paa. "Mafundi wameitengeneza ___ hii ___ kabisa." Barabara. Hapa tena sarufi inaweza kukusaliti. Kaa wa pwani ni "yule" na kaa la moto ni "lile", kwa hiyo usiweke kivumishi wala kionyeshi karibu na pengo kama hutaki kutoa jibu bure.

Angalia pia wageni wako wametoka wapi. Mwaka mmoja tulikuwa na binamu kutoka Nairobi, nami nikaweka: "___ kaenda sokoni kununua ___." Yeye aliruka palepale, maana kwao nyanya ni mama wa mama na pia ni kiungo cha mchuzi. Watoto wetu wanaosema bibi walibaki wameduwaa. Sikulifuta swali. Nililihamishia kwenye orodha ya maswali ya wageni, ili mgeni naye apate swali ambalo wenyeji hawaliwezi.

Ukitaka kutengeneza fumbo la kuandika, lile la miraba ya kujaza maneno, anza na silabi kabla ya herufi. Chora mraba wa vyumba vinne:

PI | MA
KA | LI

Soma kwa mlalo: pima, kali. Soma kwa wima: pika, mali. Maneno manne kwa silabi nne. Vidokezo vyake: mlalo, "kazi ya mizani" na "sifa ya pilipili", wima, "kazi ya jikoni" na "utajiri". Nilivyoupata ni hivi: nilianza na *pika*, nikaiandika kutoka juu kwenda chini, nikatafuta neno linaloanza na *pi* na jingine linaloanza na *ka*, nikajaribu mpaka silabi zao za mwisho zikaungana kuwa neno. *Pita* na *kati* zilinipa *tati*, nikaziacha. *Pima* na *kali* zikanipa *mali*. Mtoto wa darasa la sita anaweza kutengeneza mmoja kwa nusu saa, na akishatengeneza ataulinda kama mboni ya jicho.

Ukipanda hadi miraba ya herufi moja moja, amua kabla kama "ch", "sh" na "ng'" zitachukua chumba kimoja au viwili, na uandike uamuzi huo juu ya karatasi. Kumbuka pia kwamba Kiswahili hakitumii Q wala X, na C haisimami bila H. Hiyo yenyewe ni swali zuri: ni herufi gani ya Kiswahili isiyoweza kutembea peke yake?

Hatua ya tano: maswali ya maarifa, machache na ya uhakika

Watu wanadhani chemsha bongo ni maswali ya "nani alikuwa wa kwanza" na "kipi ni kirefu zaidi". Mimi nayaweka machache, kumi hivi kwa usiku mzima, kwa sababu swali la maarifa lina mlango mmoja tu: unajua au hujui. Lakini yapo yanayofungua milango mingi, na hayo ndiyo ya kuyatafuta.

Mfano mzuri kuliko yote niliyonayo: wiki ya Waswahili ina siku mbili za tano, ni zipi? Watu wote wanayo majibu mdomoni lakini hawayaoni. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ambayo ni ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia. Mwenzake ni hili: kati ya moja na kumi, ni namba zipi tulizozipata kutoka Kiarabu? Sita, saba na tisa. Mtoto anaanza kuzitamka zote kumi kwa sauti, akizisikiliza moja moja, na hapo amesahau kabisa kwamba anaulizwa swali.

Maswali yenye majibu ya sehemu nayo ni mazuri, kwa sababu aliyejua nusu hajashindwa. Taja nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Taja vilele vitatu vya Kilimanjaro: Kibo, Mawenzi na Shira. Bao la Kiswahili lina mashimo mangapi na kete ngapi? Mashimo 32, kete 64, na mzee yeyote anayecheza bao atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Changanya na ya fahari: mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 ni nani? Abdulrazak Gurnah. Mkenya aliyepata ile ya Amani mwaka 2004? Wangari Maathai. Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch? Filbert Bayi. Kwa hilo la mwisho mpe bibi nafasi, maana watu wa rika lake waliisikiliza habari hiyo redioni.

Hakikisha majibu yako. Nasema hivi kwa uchungu wa kweli. Mwaka fulani niliuliza mji mkuu wa Burundi, na kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika Bujumbura. Kijana mmoja mgeni akajibu Gitega, nikamnyima pointi. Hakubishana, alinyamaza tu. Siku iliyofuata nikagundua kwamba Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na Bujumbura umebaki kuwa kitovu cha biashara. Nilimtafuta, nikamrudishia pointi yake mbele ya wote, lakini nyuso za usiku ule sikuweza kuzirudisha. Tangu hapo, swali lolote ambalo jibu lake linaweza kubadilika naliandikia tarehe pembeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi? Kabla ya Kongo kujiunga mwaka 2022 zilikuwa sita, na Somalia ilipoingia 2024 zikawa nane.

Na yale ambayo vyanzo vyenyewe vinatofautiana, yaulize kwa namna isiyozua ugomvi. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vinatajwa na wengine kuwa vya dakika 38, na wengine wanafika hadi 45. Usiulize dakika. Uliza: vita hivyo vilimaliza saa moja nzima au havikumaliza?

Hatua ya sita: fumbo moja la kufikiri, kwa vitu vya mkononi

Moja tu kwa usiku, na lichezwe kwa vitu halisi. Letu la kudumu ni la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto, na mtumbwi wake unabeba yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa.

Tandika mkeka, chagua mstari mmoja wa rangi uwe mto. Kifuu ndio mtumbwi, kiberiti ndio chui, kijiko ndio mbuzi, jani la mchicha ndio majani. Waache watoto wasukume kifuu wenyewe. Wote wataanza vizuri kwa kumvusha mbuzi, na wote watakwama safari ya pili, kwa sababu akili inakataa wazo la kurudisha kitu ambacho kimeshavuka. Usiwaambie. Kaa, angalia mikono. Kuna wakati mkono wa mtoto unasita juu ya kijiko ng'ambo ya pili, unakishika, unakiacha, unakishika tena. Akikirudisha, amefumbua: mvushe mbuzi, rudi, mvushe chui, rudi na mbuzi, vusha majani, rudi, mvushe mbuzi. Safari saba.

Kwa usiku mwingine weka la konokono anayepanda mnazi wa mita 10, mchana anapanda mita 3 na usiku anateleza mita 2. Karibu kila mtu atasema siku ya kumi. Ni ya nane, kwa sababu siku ya saba inaisha akiwa mita ya 7, na kesho yake anafika kileleni kabla usiku haujamtelezesha.

Hatua ya saba: ulinzi wa kimya

Katika kila nyumba kuna mtoto mmoja mwepesi anayetoa jibu kabla ya wengine kuelewa swali. Ni kipaji, lakini kinawanyima wenzake. Sheria yetu ni kwamba jibu linanong'onwa kwa kiongozi wa kundi, kiongozi anasubiri mpaka nihesabu kumi polepole, ndipo anasema. Mtoto mwepesi anapata sifa yake kwa mnong'ono, na wengine wanapata muda wao.

Pointi tunahesabu kwa karanga mbichi kwenye bakuli. Hakuna wino, hakuna ubao. Mwishoni karanga zote zinakaangwa na kuliwa na wote, na asubuhi hakuna anayekumbuka kundi gani lilikuwa na nyingi.

Hatua ya nane: maliza kabla hawajachoka

Saa moja inatosha. Ukiona watu wazima wameanza mazungumzo ya pembeni, umechelewa kidogo. Funga wakati bado kuna mkono uliopandishwa, na cha mwisho kiwe kitendawili ambacho hakitolewi jibu wala hakiombewi mji usiku huo. Watu walale nacho.

Usiku wa kuamkia mwisho wa Ramadhani iliyopita bibi alisimama, akajifunga khanga, akatutegea hiki akiwa tayari mlangoni: "Ndugu wawili, mmoja kasimama kinywa wazi, mwingine ampiga humo humo kinywani. Wakipatana, tunalala njaa." Kisha akaingia ndani. Tulibaki tunabishana hadi saa sita usiku. Asubuhi yake, kabla ya chai, mtoto wa darasa la tatu alikuwa bado kitandani aliposikia sauti kutoka uani, akainuka akakimbia hadi chumbani kwa bibi bila kuvaa ndara.